Kuinua Sakafu ya Sinasi kwa Tundu Dogo: Mwongozo kwa Anayetaka Kupandikiza Gego la Juu

Mtu aliyeng'olewa gego la juu miaka mingi iliyopita, akaenda kliniki kutaka kipandikizi, yaani skrubu inayokazwa kwenye mfupa ili ibebe jino la bandia, mara nyingi huambiwa jambo asilolitarajia: mfupa wa kushikia skrubu hautoshi, na itabidi kwanza sakafu ya sinasi, chumba cha hewa kilicho juu ya magego, iinuliwe ili mfupa upate nafasi ya kujengeka chini yake. Siku hizi habari hiyo hufuatwa upesi na maneno ya kumtoa hofu, kwamba kazi itafanywa kwa tundu dogo, bila kupasua fizi kwa upana, na kwamba atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Maneno hayo huenda yakawa ya kweli kabisa. Hata hivyo, kinachoamua kama mgonjwa anafaa kwa njia ya tundu dogo ni milimita za mfupa alizobakiwa nazo, wala si tangazo la kliniki. Na baada ya upasuaji, sehemu kubwa ya usalama wa kazi imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, katika namna atakavyoitunza pua yake kwa wiki mbili. Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa jamaa watakaomuuguza, ili waingie kwa daktari wakijua la kuuliza na watoke wakijua la kufanya.

Hatua ya 1: Elewa kilichotokea juu ya fizi

Ndani ya taya la juu, chini ya kila jicho, kuna chumba chenye hewa kiitwacho sinasi ya taya. Kwa mtu mzima chumba kimoja hubeba kwa wastani mililita 12 hadi 15, na hakuna sinasi nyingine ya uso iliyo kubwa kuliko hiyo. Sakafu yake imekaa juu ya mizizi ya magego, na kwa baadhi ya watu ncha za mizizi hufika sakafuni kabisa, zikatenganishwa na hewa kwa ganda jembamba la mfupa tu. Ndani kote kumetandazwa utando laini wenye vinyweleo visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kusukuma kamasi kuelekea kwenye kitundu cha kutokea puani. Kitundu hicho kiko juu karibu na dari, si sakafuni, kwa hiyo kamasi haishuki kwa uzito wake bali hupandishwa. Utando ukiumia au ukivimba hadi kukiziba kitundu hicho, kamasi hubaki ndani na kuoza, na hapo ndipo maambukizi yanapoanza.

Gego likishang'oka, mfupa uliokuwa ukilishika hukosa kazi na huanza kupungua kutoka chini, huku sinasi nayo ikitanuka kushuka kutoka juu. Mfupa huliwa pande zote mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na fizi nzuri isiyo na kovu, akijipapasa kwa kidole anahisi pagumu, kumbe mfupa uliobaki una kimo cha milimita 4 au 5, ilhali vipandikizi vingi vya kawaida vina urefu wa milimita 8 hadi 12. Isitoshe, mfupa wa nyuma ya taya la juu ni mwororo kuliko ule wa taya la chini, hivyo hata hizo milimita chache hazishiki skrubu kwa nguvu inayotakiwa.

Hatua ya 2: Hakikisha kwamba upasuaji unahitajika

Kabla ya kuzungumzia namna ya kuinua sinasi, muulize daktari itakuwaje usipofanya lolote. Si kila pengo la nyuma linahitaji kuzibwa. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003, uliochunguza watu wenye safu fupi ya meno, ulionyesha kuwa wale waliokuwa na magego yao madogo kamili na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walikuwa na uwezo wa kutosha wa kutafuna. Kwa hiyo mtu aliyepoteza gego la mwisho peke yake, anayekula bila taabu na asiyesumbuliwa na pengo hilo, ana haki ya kusema hapana na kubaki na pesa yake.

Kama pengo linakusumbua kweli, zipo njia nyingine za kupimwa kwanza. Daraja, yaani jino la bandia linaloegemea meno ya jirani, linafaa hasa pale ambapo meno hayo yameshatobolewa au kuzibwa na yangehitaji taji, ile kofia ya kufunika jino, hata hivyo. Likiegemezwa kwenye meno mazima, daktari hulazimika kuyachonga, na meno hayo hayarudi tena kuwa kama yalivyokuwa. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ni nafuu kwa bei, na yakitengenezwa vizuri humfaa mwenyewe miaka mingi. Njia ya tatu ni vipandikizi vifupi, vya milimita 6 hivi, ambavyo kwa baadhi ya wagonjwa huondoa kabisa haja ya kuigusa sinasi. Binafsi naona daktari anayetaja njia hizi bila kuulizwa anastahili kuaminiwa kuliko yule anayeanza na bei ya upasuaji.

Hatua ya 3: Pima mfupa kabla ya kukubali njia yoyote

Picha ya kawaida ya taya zima, ile ambayo mgonjwa husimama na mashine ikamzunguka kichwa, husaidia kuona hali kwa jumla lakini haitoshi kwa uamuzi huu, kwa sababu huonyesha kimo bila upana, na vipimo vyake hukuzwa na mashine yenyewe. Kinachohitajika ni picha ya CT ya koni, ambayo kliniki nyingi huiita CBCT. Hiyo hukata taya katika vipande vyembamba ili daktari apime kimo na upana wa mfupa mahali hasa skrubu itakapokaa, na kwa kawaida mionzi yake ni midogo kuliko ya CT ya hospitali. Omba nakala ya faili lenyewe, si karatasi iliyochapwa pekee. Ukiamua kutafuta maoni ya daktari wa pili hutalazimika kupigwa picha tena.

Picha ikifunguliwa, mwombe daktari akuonyeshe kwa kidole sakafu ya sinasi, akutajie kimo cha mfupa kwa milimita, kisha andika namba hiyo. Kwa desturi ya kazi hii, mfupa wa milimita 8 na zaidi mara nyingi hautaki kuinuliwa kitu. Mfupa wa kati ya milimita 5 na 8 ndio uwanja wa tundu dogo: daktari hupita katika tundu lile lile la skrubu, akaisukuma sakafu juu kwa milimita 3 au 4 hivi. Mfupa ukiwa chini ya milimita 4 au 5, njia inayozoeleka ni ile ya zamani ya kufungua dirisha ubavuni mwa taya, ambako daktari huona utando kwa macho yake na kupata kimo kikubwa zaidi. Kisha mara nyingi mgonjwa husubiri miezi kadhaa kabla ya skrubu kuwekwa.

Mipaka hii haikutungwa ofisini. Njia ya dirisha ilianza Marekani katika miaka ya 1970 kwa kazi ya daktari wa meno Hilt Tatum, na mwaka 1980 watafiti Boyne na James wakachapisha maelezo yake. Mwaka 1994 daktari wa meno Robert Summers alieleza njia ya kupita chini, kwa vipatasi vya duara vinavyogongwa kwa nyundo ndogo, na hiyo ndiyo asili ya njia nyingi zinazoitwa leo za tundu dogo. Miaka mitano baadaye utafiti uliokusanya wagonjwa wa vituo kadhaa ulionyesha kuwa pale ambapo mfupa ulikuwa na milimita 5 au zaidi, 96% ya vipandikizi vilidumu, ilhali pale ulipokuwa na milimita 4 au pungufu idadi ilishuka hadi 85.7%. Basi ukiambiwa una milimita 3 na bado unaahidiwa tundu dogo na jino siku hiyo hiyo, uliza kwa upole ni kitu gani kitakachoishika skrubu isilegee. Wapo madaktari wenye ujuzi na vifaa vya kulifanya hilo, lakini jibu liwe la maelezo, lisiwe la tabasamu.

Picha hiyo hiyo ina mambo mengine matatu ya kuuliza. La kwanza ni kuta ndogo za mfupa zinazosimama ndani ya sinasi kama vizuizi, zilizoelezwa na mtaalamu aitwaye Underwood mwaka 1910, ambazo huongeza hatari ya utando kuchanika. La pili ni mshipa wa damu unaopita ubavuni mwa taya, ambao una maana zaidi kwa njia ya dirisha. La tatu ni hali ya utando wenyewe: ukionekana mnene sana, au sinasi ikionekana imejaa, upasuaji husubiri mpaka daktari wa masikio, pua na koo aangalie. Kivuli cha mviringo kilichotulia sakafuni mara nyingi ni kifuko cha kamasi kisicho na madhara, ila uamuzi huo ni wa daktari na haufai kukisiwa.

Hatua ya 4: Andaa mwili

Andika dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba, na uziseme bila kuficha. Dawa za kuyeyusha damu zina utaratibu wake. Usiziache kwa uamuzi wako, kwa maana kuganda kwa damu kwenye moyo au ubongo ni hatari kuliko fizi inayovuja. Aliyewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge au za sindano, hasa katika matibabu ya saratani, anapaswa kulitaja hilo mapema, kwa sababu baadhi yake huweza kusababisha mfupa wa taya kufa baada ya upasuaji. Mwenye kisukari ajipime na kupeleka majibu ya karibuni. Sukari iliyodhibitiwa haimzuii mtu, lakini sukari iliyo juu huchelewesha kidonda na kukaribisha usaha.

Tumbaku inastahili aya yake. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye fizi, na ni miongoni mwa sababu zinazojulikana vizuri za vipandikizi kushindwa kushika. Ugoro wa kunusa una ubaya wa ziada, kwa kuwa huingia puani na kumpigisha mtu chafya katika siku zile ambazo chafya moja inaweza kuharibu kazi. Tumbaku ya kutafuna, tambuu na miraa huweka mabaki kwenye kidonda na kulitaka taya lifanye kazi ya saa nyingi. Asiyeweza kuviacha hivi wiki kadhaa kabla na miezi ya kwanza baada ya upasuaji amwambie daktari ukweli, ili wachague njia nyingine, kuliko kulipia skrubu itakayolegea.

Ikiwa una mafua, kikohozi kikali au mzio wa vumbi uliopamba moto, ahirisha. Vilevile kama upande mmoja wa pua hutoa harufu mbaya au kamasi nzito kwa muda mrefu, huenda jino bovu la juu ndilo linaloichafua sinasi, na hilo hutibiwa kwanza.

Hatua ya 5: Chagua daktari, na uulize asili ya punje

Daktari wa meno anapaswa kuwa amesajiliwa: Tanzania Bara kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya kwa baraza la madaktari na madaktari wa meno la nchi hiyo, na Uganda kadhalika kwa baraza lake. Usajili unathibitisha kuwa ni daktari wa meno, hauthibitishi kuwa amezoea kuinua sinasi. Kwa hiyo muulize swali moja ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko vyeti vilivyotundikwa ukutani: utando ukichanika akiwa katikati ya kazi, atafanya nini? Njia ya tundu dogo ni kazi ya kupapasa, kwa sababu daktari haoni utando anaousukuma. Daktari anayeweza kufungua dirisha ubavuni na kuurekebisha, au kusitisha kazi na kufunga kidonda bila kuona haya, ndiye wa kumkabidhi taya lako. Anayejua njia ya tundu dogo peke yake atashawishika kuitumia hata isipofaa.

Kisha uliza kitakachojazwa chini ya utando. Mara nyingi huwekwa punje za kujenga mfupa, nazo zina asili nne: mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mfupa wa binadamu mwingine uliosafishwa, mfupa wa mnyama ambao aghalabu ni ng'ombe, na madini ya kalsiamu yaliyotengenezwa kiwandani. Baadhi ya madaktari huongeza utando wa damu ya mgonjwa, unaopatikana kwa kuizungusha damu kwenye mashine mara tu baada ya kuitoa mkononi. Kwa wengi wa wasomaji wa Kiswahili suala hili si la kitabibu tu. Vitambaa vya kolajeni vinavyotumika kufunikia kidonda hutengenezwa kwa ngozi au mishipa ya ng'ombe au ya nguruwe, na jina la bidhaa halikuelezi ni yupi. Mwislamu, Mhindu au mtu yeyote mwenye msimamo wake aulize mapema na aone kisanduku chenyewe, kwa sababu bidhaa mbadala zipo, ila huenda zikahitaji kuagizwa. Tena, pale ambapo kimo kinachotafutwa ni kidogo, zipo tafiti zinazoonyesha mfupa ukijitengeneza kuizunguka skrubu hata pasipo punje zozote, maadamu utando umeinuliwa na damu imeganda chini yake.

Bei iandikwe kwa vipengele: picha, upasuaji, punje, skrubu, kiungio (kipande kinachounganisha skrubu na taji) na taji lenyewe. Ugomvi mwingi wa malipo huzuka kwenye taji, ambalo mgonjwa alidhani limo na kliniki ikadhani halimo. Wanaosafiri kwenda India kwa matibabu waulize pia ni nani atakayewaangalia wakirudi nyumbani, na wapange tarehe ya ndege kwa kuzingatia hatua ya 7.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kula chakula cha kawaida kabla ya kwenda, isipokuwa kama umeambiwa utapewa dawa ya usingizi. Wengi hufanyiwa kwa ganzi ya sindano tu, wakiwa macho. Utasukutua kwa dawa ya kuua vijidudu, utachomwa ganzi pande mbili za fizi, na ndani ya dakika chache shavu litakuwa zito.

Daktari hukata fizi kidogo juu ya mfupa, au huondoa kiduara chake tu, kisha huchimba kwa keekee ndogo inayopozwa kwa maji. Hachimbi hadi mwisho. Husimama milimita 1 au 2 kabla ya sakafu ya sinasi, na hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza. Kwa njia ya Summers, huingiza kipatasi chenye ncha butu au iliyochongwa kidogo na kukigonga polepole mpaka kile kipande chembamba cha mfupa kivunjike na kupanda juu pamoja na utando. Sauti husikika kichwani kote, na hata mgonjwa aliyeambiwa mapema hushtuka kwenye pigo la kwanza. Maumivu hayapo, lakini mtikisiko upo. Siku hizi wengine huacha nyundo kabisa. Wapo wanaotumia keekee maalumu zinazozungushwa kinyume ili zigandamize mfupa badala ya kuutoa, wapo wanaosukuma utando kwa shinikizo la maji au kwa kipulizo kidogo kinachojazwa taratibu, na wapo wanaotumia vifaa vya mtetemo wa sauti ambavyo hukata mfupa vikiacha nyama laini salama. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachogeuza mfupa wa milimita 3 kuwa wa milimita 6 kabla ya kazi kuanza.

Utando wenyewe kwa kawaida haufiki hata milimita 1 kwa unene. Wanaojifunza kazi hii hufanya mazoezi kwa yai bichi: hulitoboa ganda na kujaribu kuubandua ule utando mweupe wa ndani bila kuupasua. Anayetaka kujua kwa nini daktari huenda polepole ajaribu jikoni kwake.

Utando ukishainuliwa, punje huingizwa kidogo kidogo kupitia tundu hilo hilo, na kila safari huusukuma utando juu zaidi. Baadhi ya madaktari humwambia mgonjwa abane pua na kupuliza taratibu ili waone kama viputo vya hewa vinatoka tunduni, dalili kwamba utando umechanika. Wengine hukwepa jaribio hilo wakihofia kwamba lenyewe laweza kuuchana. Skrubu ya titani hufuata, ikikazwa kwa kipimo maalumu cha nguvu, na fizi hushonwa. Picha ndogo ya mwisho hupigwa, na ikiwa kazi imekwenda sawa, juu ya ncha ya skrubu huonekana kivuli cha punje kilichoumbika kama kuba. Kivuli kilichotawanyika hovyo ndani ya sinasi ni cha kuulizia kabla hujashuka kwenye kiti.

Hatua ya 7: Wiki mbili za kuilinda pua

Hapa ndipo kazi ya daktari inapokwisha na yako kuanza. Shinikizo lolote la hewa linalopanda kutoka mdomoni au puani hufika moja kwa moja kwenye utando ulioinuliwa, nao bado haujashikwa na chochote isipokuwa damu iliyoganda na punje zilizolegea. Usipenge kamasi. Pua ikitiririka, futa kwa kitambaa laini nje tu, na kama imeziba mwombe daktari dawa ya matone. Chafya ikija usiizuie wala usibane pua. Ipige ukiwa umefungua mdomo, ili upepo utokee huko. Usinywe kwa mrija, usipulize puto, tarumbeta wala zumari, na kama wewe ni mpishi wa kuni au mkaa, mwachie mwingine kazi ya kupuliza moto.

Kwa Mwislamu kuna jambo la kila siku lisilotajwa katika karatasi za maelekezo zilizoandikwa mbali na kwetu. Kupandisha maji puani na kuyapenga wakati wa kutawadha ni shinikizo lile lile, tena mara kadhaa kwa siku. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna na si fardhi ya udhu, kwa hiyo kuacha kwa muda hakuharibu udhu. Wa madhehebu mengine amuulize sheikh wake kabla ya siku ya upasuaji. Kuinamisha kichwa nako huongeza msukumo wa damu usoni, na katika siku za mwanzo yafaa kumuuliza daktari kuhusu kusujudu, kama ambavyo mkulima amuulize kuhusu jembe na mama kuhusu kudeki sakafu kwa kuinama. Ikiwa dawa zitaangukia mwezi wa Ramadhani, panga tarehe mapema, kwa sababu viuavijasumu vya kunywa kila baada ya saa 8 haviendani na funga.

Lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito miwili katika usiku wa kwanza na wa pili. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu kwa vipindi vifupi siku ya kwanza. Kula vyakula vya uvuguvugu na laini kama uji wa kijiko, ndizi za kuponda, mtori, viazi, mayai na wali uliolainika, ukitafunia upande wa pili; ugali uache mpaka ule bila kulikaza taya. Mswaki utumike kwenye meno mengine tangu usiku wa kwanza, na upande wa kidonda usafishwe kwa kusukutua taratibu dawa uliyopewa, bila kutema kwa nguvu. Uache maji yadondoke yenyewe kwenye sinki.

Ndege na mbizi ni mambo ya shinikizo la hewa pia. Madaktari wengi hushauri kusubiri wiki mbili hivi kabla ya kupanda ndege, na mvuvi wa pweza, mpiga mbizi au mwongoza watalii wa majini asirudi chini ya maji mpaka aruhusiwe kwa kauli ya wazi. Mizigo mizito na mazoezi ya nguvu yasubiri vilevile. Dawa zimeze kama zilivyoandikwa, usizikatize kwa sababu umejisikia nafuu, na usiongeze nyingine kutoka duka la dawa kwa ushauri wa jirani.

Hatua ya 8: Jua la kawaida na la kukimbilia kwa daktari

Uvimbe wa shavu na michubuko kidogo huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu kisha hupungua. Matone ya damu puani siku ya kwanza au ya pili hutokea. Kuna pia kizunguzungu kinachomjia mtu anapolala au anapogeuka kitandani, ambacho huonekana hasa baada ya kazi ya nyundo: mapigo hutikisa vijiwe vidogo vya sikio la ndani vinavyosaidia mwili kujua wima wake. Hali hiyo hutisha kuliko ilivyo hatari, na daktari anayeijua huitibu kwa kukigeuza kichwa cha mgonjwa kwa mpangilio maalumu. Mweleze tu kwamba uligongwa nyundo kwenye taya.

Yasiyo ya kawaida ni haya: damu isiyokoma baada ya kuuma shashi kwa nusu saa, homa, maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu, usaha au harufu mbaya puani upande uliopasuliwa, punje zinazotoka puani au mdomoni, na maji ya kunywa kutokea puani. Hilo la mwisho lina maana kuwa kumetokea njia kati ya kinywa na sinasi. Usisubiri tarehe ya kutolewa nyuzi. Piga simu siku hiyo hiyo, na daktari wako asipopatikana nenda hospitali yenye idara ya upasuaji wa kinywa au ya masikio, pua na koo.

Hatua ya 9: Miezi ya kusubiri, kisha taji

Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 14. Baada ya hapo hakuna kinachoonekana kwa miezi kadhaa, na wagonjwa wengi huanza kuuliza kwa nini wanacheleweshwa. Mfupa unajengeka kuizunguka skrubu, na kwa njia ya tundu dogo husubiriwa kwa kawaida miezi 4 hadi 6. Kwa njia ya dirisha miezi 6 hadi 9. Katika muda huo mgonjwa asijaribu pengo hilo kwa mfupa wa kuku wala muwa. Mapitio ya tafiti za njia ya tundu dogo yanaonyesha kwamba zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 vilikuwa bado viko mahali pake baada ya miaka mitatu, na sehemu kubwa ya vile vinavyoshindwa hujionyesha mapema, kabla au muda mfupi baada ya taji kufungwa.

Siku ya kufunga taji, daktari hupima kama skrubu imetulia, hupiga picha, kisha huchukua alama ya kinywa. Jino likishawekwa, uma meno taratibu na useme ukweli kama linagonga kabla ya mengine, kwa sababu kipandikizi hakina ile nyama laini inayolipa jino la asili nafasi ya kubonyea, na mzigo wote hufika kwenye mfupa. Uzi wa meno au brashi ndogo ya katikati ya meno itumike kila siku, na ukaguzi uwe angalau mara moja kwa mwaka.

Kabla ya kuondoka, omba kadi au karatasi yenye jina la kampuni iliyotengeneza skrubu, upana na urefu wake, namba ya toleo, aina ya punje zilizotumika na tarehe ya upasuaji. Ihifadhi pamoja na faili la picha zako. Kiungio kikilegea miaka kumi baadaye, nawe ukiwa Mwanza au Muscat badala ya mji uliofanyiwa kazi, daktari mpya atahitaji bisibisi inayolingana na skrubu hiyo, na bila karatasi hiyo atalazimika kukisia.